Shukrani kwa mzee wa mkokoteni, kivuko cha Likoni

Nilipomaliza chuo, baba alitaka nirudi nyumbani Voi mara moja. Nilikataa: kazi nimepata Mombasa, na kodi nitalipa mwenyewe. Tukaachana vibaya kwenye simu.

Jioni ya kuhama, mzee mmoja alinivushia godoro, mtungi wa gesi na masanduku yangu kwa mkokoteni wake. Kufika Likoni, chumba nilichokilipia kina mtu, na dalali simu kazima. Jua nalo ndilo hilo linazama.

Angeweza kushusha mizigo barabarani akaenda zake. Ujira wake nilikuwa nimeshampa. Badala yake alisukuma hadi Mtongwe, kwa mama mmoja mwenye nyumba anayemfahamu. Akamsihi apokee kodi ya nusu mwezi, dipoziti isubiri mshahara. Akafungua mfereji aone kama maji yanatoka. Akatikisa komeo, likacheza. Akaenda dukani akarudi na kufuli. Risiti akataka iandikwe mbele yake, kwa jina langu.

Kisha akaniomba simu azungumze na baba. "Mzee mwenzangu, binti yuko salama. Kufuli nimelitia mimi mwenyewe." Baba, ambaye kwangu hakuwa na neno jema, alimshukuru wee! (Mimi bado hajaniridhia, ila sasa tunajuliana hali.)

Pesa ya kufuli aliikataa katakata. Ahsante sana, mzee wangu. Nanyi wenye vyumba huko ng'ambo, kijana akiwajia na mizigo magharibi, mpeni risiti, na mumwache alipe kidogo kidogo.