Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi: Tuonyesheni kura za Kigoma Mjini, kituo kwa kituo

Mheshimiwa Jaji,

Yah: Matokeo ya ubunge ya Jimbo la Kigoma Mjini katika ngazi ya kituo, tangu 1994

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mpiga kura wa Ujiji ambaye hajawahi kugombea hata uenyekiti wa mtaa. Shabaha yangu si kupinga ushindi wa mtu yeyote. Ninachokiomba ni karatasi.

Mjomba wangu alikuwa wakala wa chama katika uchaguzi wa mwaka 2000. Chama chenyewe sikitaji, kwa sababu yeye mwenyewe amekwisha kukihama mara mbili. Katika sanduku lake la bati, chini ya kanzu za Idi, imo nakala ya fomu ya matokeo ya kituo alichokisimamia, ambacho kilikuwa darasa la shule ya msingi. Wino wa kaboni umefifia ukawa kama majivu, na pembeni pana doa la mawese lililopita hadi upande wa pili, ila tarakimu za ubunge bado zinasomeka, pamoja na saini za mawakala na ya msimamizi wa kituo. Kila nikienda kumwamkia huitoa, akaikunjua juu ya mkeka na kunisomea kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali. Ndipo nilipoanza kujiuliza karatasi nyingine za usiku ule ziko wapi, maana kila kituo cha jimbo hili kilikuwa na yake.

Jimbo hili, Mheshimiwa, lina historia ambayo wewe kama Jaji wa Rufani unaifahamu kuliko mimi. Mwaka 1994, miaka miwili tu baada ya nchi kurudi kwenye vyama vingi, ulifanyika hapa uchaguzi mdogo, na mgombea wa CCM, Azim Premji, akatangazwa mshindi. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA hakuridhika akaenda mahakamani. Miongoni mwa malalamiko yake lilikuwamo la Redio Tanzania, chombo cha umma, kwamba katika habari zake za kampeni iliegemea upande mmoja. Mahakama Kuu ikabatilisha matokeo. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani nayo ikakubali kwamba uchaguzi ule haukustahili kusimama. Hukumu hiyo ilichapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1996, na tangu hapo mawakili wa kesi za uchaguzi wameinukuu mara nyingi. Kwa hiyo mji huu wa mwisho wa reli, ambao watu wa Dar es Salaam huukumbuka kwa dagaa na migebuka, ndio ulioifundisha nchi kwamba redio ya wananchi wote haiwezi kuwa ya mgombea mmoja.

Wazee wetu walikuwa wakipiga kura tangu zamani za chama kimoja, walipokuwa wakichagua kati ya jembe na nyumba, alama za wagombea wawili waliopitishwa na chama kilekile. Lakini ni baada ya 1994 ndipo jimbo lilipoanza kuwa na tabia ya kwake. Uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alipita kwa tiketi ya CHADEMA, na mwaka 2000 akapita tena, wakati ambapo wabunge wa majimbo wa chama hicho nchi nzima walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2005 kiti kikarudi CCM kwa Peter Serukamba, akakaa nacho miaka kumi. Kabourou mwenyewe akahamia CCM.

Mwaka 2015 yakatokea yale ambayo hata mtunzi wa ngano angeogopa kuyatunga. Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa miaka kumi, aliondoka CHADEMA akaja kugombea Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Serukamba akatoka Mjini akaenda kugombea Kaskazini. Wakapishana njiani, kila mmoja akashinda alikokwenda. Na mgombea ambaye CCM ilimsimamisha Mjini dhidi ya Zitto alikuwa Kabourou yuleyule ambaye miaka ishirini na moja kabla aliishinda CCM mahakamani kwa jina la upinzani. Akashindwa. Alifariki mwaka 2018, na sijui kama yupo mwanasiasa mwingine ambaye maisha yake yameshonana na jimbo moja kiasi kile.

Mwaka 2020 kiti kilirudi CCM kwa Kilumbe Ng'enda. Mwaka 2025, katika uchaguzi wa Oktoba 29 ambao ulifanyika huku intaneti ikizimwa, aliyetangazwa ni Clayton Chipando wa CCM, msanii tunayemfahamu kama Baba Levo, aliyewahi kuwa diwani wa Mwanga Kaskazini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Aliyeshindana naye alikuwa Zitto, aliyekuwa kiongozi wa chama chake cha zamani.

Hayo yote, Mheshimiwa Jaji, anayajua kila mtu anayekunywa kahawa barazani Ujiji. Tusichokijua ni jinsi yalivyotokea. Jimbo lililokwenda upinzani, likarudi, likaenda tena, likarudi tena, halikufanya hivyo kwa pamoja kama kundi la ndege. Ziko kata zilizobadilika na ziko zilizobaki palepale. Ziko mitaa ambayo watu walijitokeza na mitaa ambayo walilala. Ripoti za Tume hutupa jumla ya jimbo: waliojiandikisha, waliopiga, kura zilizoharibika, mgombea huyu kapata ngapi na yule ngapi. Jumla hiyo huficha zaidi ya inavyoonyesha. Mtu hawezi kuitazama akajua kama Gungu na Bangwe zilipiga kura sawa na Kasingirima, au kama wavuvi na wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi walimfuata mgombea yuleyule aliyependwa na watumishi wanaoishi karibu na ofisi za mkoa.

Pasipo na tarakimu, hujaa maneno. Watu wa Ujiji husema Gungu ndiyo iliyotuuza. Watu wa Gungu husema Ujiji haikutoka kwenda kupiga kura. Huyu anatafuta sababu katika dini, yule katika kabila, na wapo wanaofika mbali zaidi wakaanza kuhesabu nani Mmanyema, nani Mbembe, na nani babu yake alivuka ziwa kutoka Kongo. Katika mji ambao suala la uraia limewatesa watu wengi waliozaliwa hapahapa, maneno ya aina hiyo si mzaha wa kijiweni. Karatasi ya kituo ingeyakata kwa dakika moja, maana ingeonyesha, kama inavyoonyesha ile ya mjomba wangu, kwamba katika chumba kimoja cha darasa majirani wa asili moja na msikiti mmoja waligawanyika karibu nusu kwa nusu.

Karatasi hizo zipo, au zilikuwapo. Utaratibu wetu unajulikana: kura huhesabiwa kituoni, matokeo ya ubunge huandikwa katika Fomu Na. 21B, mawakala husaini na kupewa nakala, nyingine hubandikwa hadharani, kisha msimamizi wa uchaguzi wa jimbo hujumlisha. Hatua ya kubandika ndiyo inayonigusa, kwa sababu maana yake ni kwamba sheria yenyewe imekwisha kuamua kuwa matokeo ya kituo si siri. Nimesimama usiku mbele ya karatasi ile, watu wakimulika kwa tochi za simu, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakiandika viganjani. Sasa jambo lililokuwa la wazi usiku ule ukutani linawezaje kuwa la siri baada ya mvua ya kwanza kuibandua karatasi?

Nasema la siri kwa sababu nimejaribu. Nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nikaomba kuona matokeo ya vituo ya chaguzi zilizopita. Niliambiwa nilete barua. Nikaleta. Nikaambiwa barua ipite kwa afisa mwingine, aliyekuwa safarini, na aliporudi alinipokea vizuri kabisa, akaniuliza swali moja tu: "Unazitakia nini?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Mtu anayeuliza shamba la babu yake liliishia wapi haulizwi analitakia nini.

Najua hoja zitakazotolewa. Ya kwanza ni usiri wa kura, lakini fomu haisemi nani alimpigia nani, inasema wangapi. Ya pili ni hofu ya kuamsha kesi zilizolala, ilhali muda wa kufungua mashauri ya chaguzi hizo za nyuma umekwisha kitambo, na hakuna mahakama itakayomvua ubunge mtu ambaye amekwisha kustaafu au kuzikwa. Ya tatu ni gharama, na hapo ndipo ninapoomba uwatazame jirani zetu. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani matokeo ya urais ya kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote mwenye simu akaweza kuzijumlisha mwenyewe. Waliendelea kubishana, wakaenda Mahakama ya Juu, lakini walibishana wakiwa na karatasi mikononi. Kigoma Mjini ni jimbo moja. Kuzipiga picha fomu zake ni kazi ya makarani wachache kwa siku chache.

Naongeza jambo ambalo huenda limesahaulika Dodoma. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 duniani za kwanza kujaribu mpango wa kimataifa wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Tulijivunia sana, labda kupita kiasi. Mpaka kwenye daladala za Mwanga watu walilizungumza. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa katika mpango huo na sisi tukatoka nayo. Simlaumu mtu katika barua hii, ila nataka ujue kwamba hamu ya kuona makaratasi ya umma hapa kwetu haikuletwa na barua yangu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Tume ianze na chaguzi za 2015, 2020 na 2025, ambazo fomu zake bila shaka bado zimo kwenye mafaili, na iziweke wazi fomu zote za 21B za Kigoma Mjini kama zilivyo, na saini zake na makosa yake ya kujumlisha, bila kuzinakili upya. Kuzinakili upya kutazaa mashaka ambayo karatasi yenyewe haina. Kisha iwaelekeze wanaotunza stoo za halmashauri watafute za miaka ya nyuma, kurudi hadi ule uchaguzi mdogo wa 1994 uliobatilishwa, kwa kuwa hata kura zilizofutwa na mahakama zilipigwa na watu waliopanga foleni. Pale ambapo mchwa na mvua vimetangulia, Tume itangaze kwamba haina, na iwaruhusu mawakala wa zamani wa vyama vyote walete nakala zao zilinganishwe. Wengi wao ni wazee sasa, na nakala nyingi zitaondoka nao.

Ikiwa Tume itakubali, nimekwisha kuzungumza na mjomba wangu. Alisita, kisha akasema yuko tayari kuitoa ile ya kwake ipigwe picha, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayeikunjua na kuikunja, na kwamba irudi sandukuni siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,

Mpiga kura wa Ujiji, Kigoma