Harambee ya Kamera ya Macho: Bado Shilingi 8,300,000

Mbukwenyi, ndugu na marafiki wa kanisa letu, mlioko hapa Dodoma na mlioko mbali. Bwana Yesu asifiwe.

Tunarudi kwenu mapema mno baada ya harambee iliyopita, safari hii kuomba kamera ya kupiga picha macho ya wagonjwa katika zahanati yetu, na tunaona haya. Lakini mama mmoja wa kanisa letu, mkulima wa zabibu, ametufanya tushindwe kunyamaza. Alianza na kinyama chekundu pembeni ya mboni, kidogo kama punje ya mtama. Akapewa dawa ya kupaka, akaambiwa ni vumbi. Kikakua, kikakatwa, kikarudi. Alipofika kwa daktari bingwa aliulizwa: kilianzaje, kilikuwa na ukubwa gani? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu hapakuwa na picha hata moja. Ilikuwa saratani ya utando unaofunika weupe wa jicho. Jicho limetolewa.

Ugonjwa huu si mgeni Afrika Mashariki. Jua kali na VVU huongeza hatari yake, na jua la kwetu mnalijua. Ubaya ni kwamba mwanzoni hufanana na kinyama cha kawaida. Uvimbe wa namna hii hutaka damu, kwa hiyo mara nyingi mishipa minene, iliyopindapinda, huuelekea. Muuguzi wetu wa macho huiona kwenye taa ya uchunguzi yenye lenzi za kukuza, ila akishainua kichwa hana cha kumwonyesha mtu. Anabaki kuichora kwa kalamu kwenye kadi ya mgonjwa.

Kamera tunayoomba hufungwa kwenye taa hiyo hiyo. Ukiwasha mwanga wa kijani, damu huonekana nyeusi na mishipa husomeka vizuri. Picha ya leo italinganishwa na ya mwezi ujao, na bingwa ataipata siku hiyo hiyo. Ziko mashine kubwa zinazopiga sehemu moja mara kadhaa kwa mwanga na kuonyesha damu inavyotembea, bila kumchoma mgonjwa sindano ya rangi. Hizo hatuziwezi, hatuziombi. Wala picha haithibitishi saratani: kipande lazima kipimwe maabara. Lakini itatuambia nani apelekwe haraka.

Hata baada ya upasuaji mgonjwa hufuatiliwa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja, kati ya waliotumia matone ya fluorourasili, dawa ya saratani, baada ya kukatwa uvimbe, 5 kati ya 47 walirudiwa. Wasiopata dawa hiyo, 17 kati ya 47. Tiba ipo, jamani. Sisi tunachelewa kuona.

Kamera, kompyuta na kazi ya kufunga ni shilingi 14,500,000. Mkononi tuna 6,200,000, pamoja na mbuzi wawili na mtama uliouzwa. Ninyi ndio mlioezeka zahanati hii bati zote msimu mmoja, hatujasahau. Wapo pia walioahidi mwaka jana na bado tunawasubiri. Daftari liko kwa mhazini, na mlango wake uko wazi. Kila shilingi itaandikiwa stakabadhi na hesabu itasomwa kanisani.

Harambee ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Aliye mbali atume mchango kupitia ndugu yake. Yule mama ameshatoa shilingi 20,000 za zabibu zake, na jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha.