Shingo Ikikaza, Usimpe Kinyozi Aivunje

Wateja wengi wanaofika kwetu, kliniki ya tiba ya viungo, na maumivu ya shingo wamekwisha kupita kwa kinyozi. Akimaliza kunyoa, kijana wa saluni hushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akageuza kichwa kwa ghafla mpaka shingo ikalia. Mtu hujisikia mwepesi kwa muda, kisha maumivu hurudi naye hurudi saluni.

Mlio ule si mfupa uliorudi mahali pake. Ni gesi tu iliyomo katika majimaji ya kiungo. Tunachokihofia sisi ni mishipa miwili ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo, ikipita katika matundu ya pingili za shingo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi hata akiwa kijana. Hutokea kwa nadra, lakini ni hatari kubwa mno kwa nafuu ya dakika chache. Tafadhali, kataa.

Mara nyingi shingo inauma kwa sababu misuli imechoka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, na kinabebwa na pingili 7 pamoja na misuli inayozizunguka. Ukiinama, misuli ya nyuma ndiyo inayokizuia kisianguke mbele. Fundi cherehani mwenye oda za sare za shule mwezi Januari huinama hivyo kutwa nzima, na usiku anainamia simu. Misuli hiyo itapumzika saa ngapi?

Maumivu ya namna hii kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache, mradi shingo iendelee kutumika. Kuifunga kola ya kuizuia isigeuke siku nyingi bila kushauriwa kunaidhoofisha. Kanda kwa kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 hivi. Kisha kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha uso, hesabu hadi 5, achia. Fanya mara 10, asubuhi na jioni. Kuvuta kidogo ni kawaida. Ukisikia maumivu yanashuka mkononi, acha. Diklofenaki, vidonge vya kutuliza maumivu vya duka la dawa, navyo vina madhara, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha, kwa hiyo uliza kwanza.

Kuna hali ambazo hazitusubiri sisi. Shingo iliyoumia kwenye ajali ya bodaboda, shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma sana, mikono au miguu kukosa nguvu, mkojo au choo kutoka bila kujijua: nenda hospitali mara moja. Aliyepata ajali asiinuliwe ovyo.

Kwetu tunaanza kwa kupima nguvu na hisia za mikono, tukiangalia shingo inageuka hadi wapi. Picha ya eksirei hatuiombi kwa kila mtu, maana pingili zilizochakaa huonekana hata kwa watu wasio na maumivu yoyote. Kinachotusaidia zaidi ni picha ya simu: mwombe mwenzako akupige picha ukiwa kazini, kutoka ubavuni, bila kujipanga, uje nayo. Humo tunaona kama kiti kipandishwe, meza isogezwe, au taa ya cherehani ihamishwe ili usilazimike kuinama kuifuata sindano.