"Umebonyeza Menyu Tu": Unacholipia Unapoleta Lenzi Kurekebishwa Fokasi

Wiki iliyopita mteja mmoja alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Nafupisha: "Fundi, mmenipiga. Nimekaa kwenye benchi saa mbili na nusu, hujafungua hata skrubu moja, umebonyeza menyu tu, halafu elfu sitini!" Si wa kwanza. Kila baada ya muda anatokea mmoja, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Ni kweli hatukufungua skrubu. Ashukuru. Nitafika huko.

Kaka huyu alikuja na Nikon D750 na lenzi mbili, 50mm f/1.8 na 85mm f/1.8. Shida yake wapiga picha wa harusi wanaijua: bibi harusi ametulia, pointi ya fokasi (alama ya kulengea) umeiweka kwenye jicho, kamera imelia kwamba imeshika, ukifika nyumbani ukafungua kompyuta unakuta hereni unahesabu hadi nakshi zake, macho yamefifia. Lenzi ya 85mm ukiifungua hadi f/1.8, yaani upana wake wa mwisho, mtu akiwa mita 2 mbele yako, sehemu iliyo shapu ina kina cha kama sentimita 6, na hiyo ni mbele na nyuma kwa pamoja. Fokasi ikiteleza kidogo tu kwenda nyuma, jicho umelikosa, umepata sikio.

Hapo hakuna kilichoharibika. DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani kama hiyo D750, inapiga picha kwa sensa moja (kipande kinachopokea mwanga) na kupima fokasi kwa nyingine. Kioo kikubwa kinachokuonyesha picha kwenye kitundu cha kuchungulia kinapenyeza mwanga kidogo katikati yake, mwanga huo unakutana na kioo kidogo kilichojificha nyuma, nacho kinautupa chini kwenye sensa ya fokasi, sakafuni mwa boksi la kioo. Safari hiyo inatakiwa iwe na urefu sawasawa na ile ya kwenda kwenye sensa ya picha. Ikipishana kwa sehemu ndogo ya milimita, kamera inaamini imepatia, kumbe haijapatia. Lenzi nayo inatoka kiwandani na kasoro yake ndogo inayokubalika. Wakati mwingine kasoro ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na ya lenzi zinafutana, wakati mwingine zinajumlishana.

Ndiyo maana namba tunayoiweka si ya kamera wala si ya lenzi. Ni ya ndoa yao. Mwaka juzi kijana mmoja aliuza 85mm yake kwa bei ya kutupa akisema ni mbovu. Aliyeinunua akatuletea tuikague. Kwenye bodi yake ilikuwa safi kabisa, sifuri, hatukugusa kitu. Yule wa kwanza alikuja baadaye kununua nyingine, sikuwa na moyo wa kumwambia.

Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana tangu 2007, kwenye Nikon D3 na D300 na Canon 1D Mark III, wakaweka marekebisho kwenye menyu: kutoka -20 hadi +20, kila lenzi na namba yake. Kujumlisha kunasogeza fokasi mbali na kamera, kutoa kunaivuta karibu. Kubonyeza ni sekunde tano, hilo sibishi. Namba ipi ubonyeze, hapo ndipo saa mbili na nusu zilipokwenda.

Kamera inakaa kwenye tripodi, bango la kupimia limesimama wima na kutazamana nayo sawasawa, rula iliyolala mshazari iko pembeni. Umbali ni mara 50 ya urefu wa lenzi: 50mm tunaipima mita 2 na nusu, 85mm mita 4 na robo. Lenzi wazi kabisa, mwanga wa dirishani. Taa za ndani tunaziepuka, maana rangi ya mwanga nayo inaweza kuihadaa sensa ya fokasi. Kabla ya kila picha tunaitoa lenzi kwenye fokasi, mara tunaipeleka mbali kabisa, mara karibu kabisa, ili iitafute upya. Picha kumi kwa kila namba, kwa sababu hata kamera nzima haishiki pale pale kila mara, na picha moja inaweza kukudanganya. Tunapiga nyingine kwa skrini ya nyuma, ambako fokasi inapimwa na sensa ya picha yenyewe, hiyo ndiyo hakimu. Kisha kompyuta, picha imekuzwa hadi asilimia 100, macho yanauma.

Kaka yetu: 85mm ikatoka -11, 50mm ikatoka +4. Bodi ile ile, siku ile ile.

Sasa angalia njia ya mkato. Wengi wanachukua namba ya rafiki mwenye lenzi kama yao, au wanaweka namba moja kwa lenzi zote. Kaka huyu angeweka -11 kote, 50mm yake iliyokuwa imekosea kidogo ingekosea karibu mara nne. Wengine wanapima usiku sebuleni, kamera mkononi, pointi imelenga rula yenyewe. Pointi ya fokasi ni pana kuliko kile kimraba unachokiona, inashika mstari wowote inaoupenda.

Hizo angalau unafuta, unaanza upya. Njia ya mkato inayonitoa jasho ni ya alenkii. Kuna video zinazoonyesha pini ya kile kioo kidogo, unaizungusha, basi. Kijana mmoja wa Canon aliizungusha, akarudisha, akazungusha tena usiku wa kuamkia sendofu. Alipotufikia lenzi zake zote tatu zilikuwa zimekosea, nyingine kupita pale ambapo namba 20 inaweza kufika, na pointi za juu zinasoma tofauti na za chini. Kazi ya lenzi moja ya Sh 30,000 ikawa Sh 180,000 na siku nne. Pini ile inagusa kila lenzi utakayofunga maisha yako yote. Kwa hiyo fundi akikurudishia kamera bila kuifungua, usimnunie.

Lenzi za zumu, zile zinazovuta karibu na kurudisha mbali, zina mambo yake. Canon 5D Mark III inakupa namba mbili, moja ya zumu ikiwa pana na nyingine ikiwa imevuta. D750 inakupa moja tu, ndiyo maana tunakuuliza maswali yanayoonekana ya umbea: harusini unasimama wapi, unatumia 70mm au 200mm? Wenye Nikon D500 na D850 wanasema zao zinajipima zenyewe. Zinajipima, ila ukirudia mara tano unaweza kupata majibu tofauti, kwa hiyo sisi tunaanzia hapo, hatuishii hapo. Canon 60D na 700D hazina kabisa marekebisho haya. Hapo ukiwa na lenzi ya Sigma ya Art, Contemporary au Sports tunaweza kuirekebisha lenzi yenyewe kwa kifaa chao cha USB, lakini zumu moja ina sehemu 16 za kujaza. Bei yake ni tofauti, tafadhali tusigombane.

Mwenye kamera isiyo na kioo abaki nyumbani, fokasi yake inapimwa kwenye sensa ya picha. Na kabla hujaja, piga kitu kilichotulia, kamera kwenye tripodi, kwa kitundu kisha kwa skrini. Zote zikilingana, shida ni shata ya 1/30 ukumbini, ya polepole mno, picha inatikisika. Wa namna hiyo tunawarudisha bila kutoza hata shilingi, ila hao hawatumi ujumbe wa sauti.

Njoo na bodi zako zote, si lenzi peke yake, na betri iliyojaa. Ukianguka na kamera au ukibadilisha bodi, namba ya zamani haina kazi tena.

Na wewe kaka wa D750, karatasi ya vipimo vyako, pamoja na picha za kabla na baada, ipo kaunta. Uliondoka kwa hasira ukaiacha.