Anayekuza ugonjwa naye apimwe

Mhariri,

Hapa Mwanza mume akilala siku mbili akidai malaria imempanda, mke ama humbembeleza ama humsema kwa mashoga zake. Yote mawili hayapimi kitu.

Nunueni kipimajoto. Kikae kwapani, mkono ubanwe mpaka kilie, nyuzi 37.5 na kuendelea ni homa. Andikeni kwenye daftari saa, joto na anapolalamikia. Msimpime akiwa ametoka kumeza panadol, joto litakuwa limeshuka na mtamwonea bure.

Kosa linalotuudhi zaidi ni kununua dawa mseto ya malaria dukani ili anyamaze. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Akiamka mzima kesho yake hamjui kilichomponya, na vilivyobaki vinatupwa kabatini. Apimwe damu kwanza. Mwambieni mpimaji alimeza dozi lini mara ya mwisho, maana kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona.

Halafu kuna kichocho, minyoo inayoingia mwilini kupitia maji ya ziwa. Kwa mvuvi, muuza dagaa au anayefulia ziwani, uchovu usioisha na tumbo la kusokota si kudeka mpaka choo kikubwa kipimwe, tena zaidi ya mara moja, kwani mayai ya minyoo hiyo hayaonekani kila siku.

Vipimo vikiwa safi na bado analalamika, arudi kwa daktari yule yule na daftari lake. Hofu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, navyo huuma mwilini.

Wauguzi wawili,
Kirumba, Mwanza