Yah: Malalamiko kuhusu shindano lenu la kubuni kanga

Tanga,
20 Mei 2024

Kwa Meneja Masoko,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mshiriki namba 112 katika shindano la kubuni kanga mlilolitangaza mtandaoni mwezi Februari. Nimepiga simu mara tatu na kutuma ujumbe mara mbili, kila mara najibiwa "tunalifanyia kazi". Sasa naandika barua ili pawe na kumbukumbu.

Sililii zawadi. Shilingi milioni 3 zingenifaa sana, lakini nimeshashindwa mashindano mengi na sikumwandikia mtu barua. Ninacholalamikia ni kwamba masharti niliyoyakubali siku natuma kazi yangu siyo mliyoyatumia kunipima.

Tangazo lilisema mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 31 Machi, saa sita usiku. Majaji watatu wangetoa alama 80 kwa kuangalia pindo (mpaka unaozunguka), mji (sehemu ya katikati) na jina (maandishi) la kanga, na kura za wananchi zingechangia alama 20. Nilituma tarehe 27. Tarehe 1 Aprili mkaanika kazi zote kwenye ukurasa wenu ili watu waanze kupiga kura. Hapo sina neno. Lakini tarehe 3 mkatangaza kwamba mmeongeza muda wa kupokea kazi hadi tarehe 14, na kazi zetu zimeachwa palepale zinatazamwa na kila mtu. Aliyechelewa akapata siku 11 za kuangalia wenzake wamechora nini, kipi kinapendwa, rangi ipi inavuta kura, ndipo naye akae achore.

Pindo langu ni ukili, ule mkanda wa kusuka unaoshonwa kuwa mkeka. Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka Pangani, nami nimekua nikimchambulia miyaa, yaani majani ya kusukia, na kuichana kuwa chane. Nilichora ukili wa chane tisa, moja juu, moja chini, kwa rangi ya damu ya mzee na nyeupe, na jina nikaandika: UKILI HAUSUKWI KWA CHANE MOJA. Kazi ilikuwa kwenye pembe. Ukili ukifika pembeni haukatwi, unakunjwa, na kuukunja ukili wa kuchora ili chane zote tisa zitokee upande wa pili zikiwa zimepangika kulinikesha usiku mbili. Hata hivyo pembe ya chini kulia nilikosea: chane ya nne imepita juu ya mbili mfululizo. Asiyejua kusuka haoni. Mimi niliona tarehe 28, nikawaandikia nikiomba kubadilisha faili. Mlinijibu siku hiyohiyo kwamba kazi ikishapokelewa haiguswi. Nikakubali, maana muda ulikuwa umebaki siku tatu na niliamini sharti hilo ni la wote.

Kazi iliyoshinda ilipokelewa tarehe 11 Aprili. Rangi zake ni kijani na njano, mji wake na jina lake ni tofauti na vyangu. Pindo lake ni ukili wa chane tisa, na pembe ya chini kulia chane ya nne imepita juu ya mbili. Kosa langu, lile mlilonikatalia kulirekebisha, limo kwenye kanga mliyoipa ushindi. Ikuzeni picha kwenye kompyuta mtazame wenyewe. Simwiti kijana aliyeshinda mwizi, kwa sababu sijui pindo lile lilipita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia. Nyinyi mliouacha mlango wazi ndio wa kuchunguza.

Kuhusu kura, nilipiga moja kwa simu yangu, nikafungua ukurasa kwa kivinjari kingine, nikapiga tena, ikakubaliwa. Usiku wa tarehe 12 kazi ile ilikuwa na kura 340. Kulipopambazuka zilikuwa 4,100. Na siku ya kutangaza mshindi hamkutaja alama za majaji hata moja. Mlisema tu "aliyependwa zaidi". Zile alama 80 zimekwenda wapi?

Lipo na jingine. Nilihifadhi nakala ya masharti siku niliyotuma kazi: yana vipengele 8. Leo ukurasa wenu una cha 9, kinachosema kazi zote, zilizoshinda na zisizoshinda, ni mali ya kampuni. Wiki iliyopita dada yangu ameniletea mfuko uliogawiwa na mawakala wenu pale Ngamiani. Una pindo langu, kwa rangi zangu zilezile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua aliyeunda kazi kuwa ndiye mwenye haki nayo tangu mwanzo. Mimi sikuwauzia, wala sikutia saini popote.

Shindano la haki linawezekana. Mwaka 1981 Marekani walishindanisha michoro ya mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Vita vya Vietnam. Zilikuja kazi 1,421, majaji wakaziona kwa namba tu bila majina. Iliyoshinda, namba 1026, ilikuwa ya Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21. Majaji wangejua ni ya mwanafunzi, sidhani kama ingefika mbali. Na anayekosea anaweza kurudi nyuma: Septemba 2015 waandaaji wa Olimpiki ya Tokyo waliiondoa nembo waliyoizindua Julai mwaka huohuo, baada ya kulalamikiwa kwamba inafanana na ya jumba moja la michezo ya kuigiza Ubelgiji. Wakaanza upya, wakawaonyesha wananchi nembo nne zilizobaki mwishoni, na Aprili 2016 wakachagua moja. Walikuwa na dunia nzima inawatazama. Nyinyi mna sisi mia na kitu.

Naomba mtoe alama za majaji kwa kila kazi. Naomba kazi zote zilizopokelewa baada ya 31 Machi ziondolewe, na zilizobaki zipimwe upya kwa namba, na majaji wasiowajua washiriki. Kipengele cha 9 kifutwe. Mifuko yenye pindo langu isigawiwe tena mpaka tukae tukubaliane malipo.

Nimeambatisha faili langu la asili, majibu yenu ya tarehe 28 Machi, nakala ya masharti ya vipengele 8, picha ya mfuko, na picha za pembe mbili nilizozikuza na kuziweka sambamba. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka vielelezo hivi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini.

Wenu,
Mshiriki namba 112