Usiitupe hiyo Sherman

Mwanangu Salma,

Marahaba. Picha ulizotuma nimezitazama zote. Unasema modeli yako ya kifaru cha Kimarekani cha Sherman, aina ya M4A3, iliyotengenezwa na kampuni ya Tamiya, imepitwa na wakati, na huko Leicester umeona mpya yenye kila kitu. Najua fedha unayo, lakini naomba usiinunue kwanza. Umbo la hii ya zamani ni zuri, na kinachopungua unaweza kukitia kwa mkono wako.

Anzia chini. Igeuze uchungulie juu ya minyororo: mbavu za bodi ziko wazi, unaona mpaka ndani. Modeli nyingi za mwanzo za Tamiya ziliundwa zitembee kwa mota na betri, ndiyo maana za miaka ya 1960 na 1970 utazikuta na matundu ya swichi sakafuni. Ziba uwazi wote huo kwa plastiki bapa ya milimita 1. Usikate kopo la aiskrimu, gundi ya modeli haishiki pale. Nafasi zinazobaki jaza puti, ikikauka piga msasa.

Tareti, yaani kile kichwa kinachozunguka na kubeba mzinga, ndiyo itakayokupa raha. Ile ya kweli ilimiminwa kwenye kalibu, kwa hiyo uso wake una vipele kama ganda la chungwa, na yako ni laini tu. Pakaza gundi ya majimaji, acha plastiki ilegee kidogo, halafu igongegonge kwa brashi kuukuu uliyoikata nywele zikawa fupi. Fanya sehemu ndogo ndogo. Kile kifuniko cha gia cha mbele, chini, nacho kifanyie hivyo hivyo, maana kilimiminwa pia. Mabamba ya bodi yaache yalivyo, yale yalichomelewa. Penye maungio, pasha kipande cha ile fremu ya plastiki inayoshika vipande vya modeli juu ya mshumaa, kikilegea kivute kiwe uzi. Bandika uzi huo, ulainishe kwa gundi, ubonyeze kwa ncha ya kisu hatua kwa hatua. Mshono wa kuchomelea utauona unatokea wenyewe.

Vishikio vya plastiki vikate, weka waya mwembamba wa shaba. Mdomo wa mzinga utoboe kwa keekee ndogo ya mkono.

Umeniuliza kuhusu vile vibamba vya ziada vya ubavuni, viwili kulia na kimoja kushoto. Usiviweke. Vilikuwa vya Sherman za awali, kukinga risasi za mzinga zilizopangwa juu mbavuni. M4A3 yako ni ya baadaye: risasi zake zilihamishiwa sakafuni, kwenye masanduku yaliyozungukwa na maji. Tazama picha ya kifaru chenyewe kabla ya kutazama modeli ya mtu mwingine, kwani makosa mengi huenea kwa kuigana.

Ukitaka kuongeza chuma, ongeza kilichokuwapo. Majira ya baridi ya 1945, katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Jenerali Patton wa Marekani lilikuwa likikata mabamba kutoka kwenye vifaru vilivyoharibika na kuyachomelea mbele ya Sherman zilizo hai. Patton hakutaka magunia ya mchanga, yalikuwa mzigo kwa magurudumu bila kinga ya maana. Kwa hiyo kipuri cha kifaru kilichokufa kilimlinda askari kwenye kilicho hai, na wewe ukikata bamba lako kwenye mabaki ya modeli iliyovunjika unafuata njia ile ile. Kingo zake usizinyooshe sana, zilikatwa kwa moto wa gesi. Mshono wake uwe mnene kuliko wa kiwandani.

Nimekufungia boksi la vipuri: vipande vya minyororo, madebe ya petroli, magurudumu, koleo, na tareti mbili zisizo na wenyewe. Mjomba wako anasafiri mwisho wa mwezi, atakuletea. Kabla hujapaka praima, ile rangi ya kwanza, nipigie picha ya chini na ya tareti kwa karibu, nione vipele vimekaaje.

Baba yako